Maswali ya Wasomaji: Msimu Mzima Bila ya Ushindi, Je, Timu ya Chuo Ivunjwe?

Mwezi huu barua nyingi tulizopokea zinahusu mpira wa vyuo, na tumeona zipewe nafasi yote ya safu hii. Tunaanza na iliyo ndefu kuliko zote, kwa sababu aliyeiandika ndiye mwenye mzigo begani.

Swali

Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni nahodha wa timu ya mpira wa miguu ya chuo kimoja hapa Pemba. Msimu huu tumecheza mechi kumi za mashindano ya vyuo. Tumetoka sare mbili, tumefungwa nane, na hatukushinda hata moja. Januari 2025 wengi wetu tulikuwa jukwaani Gombani pale Zanzibar Heroes walipoifunga Burkina Faso mabao 2-1 na kulitwaa Kombe la Mapinduzi, tukarudi dakhalia tukiamini kwamba zamu yetu nayo inakuja. Sasa serikali ya wanafunzi imependekeza timu ivunjwe na fedha zake ziongezwe kwenye netiboli, ambayo inashinda. Wengine wanataka kocha aondolewe, naye ni mwalimu wetu wa chuo anayetufundisha kwa kujitolea. Wachezaji wanne wameshaniambia kwamba hawatarudi. Je, kuna faida ya kuendelea? Na tukiendelea, tuanzie wapi?

Nahodha, Chake Chake

Jibu

Waalaykum salaam, mwanangu. Rai yangu ni kwamba timu isivunjwe, kocha asiondolewe, na wale wanne uwafuate mmoja mmoja hadi vyumbani mwao ukazungumze nao warudi. Sababu zangu nitazieleza kwa urefu, na nitaanzia mbali, Marekani, kwa kuwa vyuo vya huko vimekuwa vikishindana kwa zaidi ya karne moja na matokeo yao yamehifadhiwa yote, ya fahari na ya aibu.

Mpira wao si huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, unaoshikwa mikononi na kukimbizwa, wachezaji kumi na mmoja kila upande, na timu ya chuo kikubwa hucheza kiasi cha mechi kumi na mbili kwa msimu. Kwa hivyo kupoteza mechi zote za mwaka si jambo la ajabu kule. La ajabu ni yale yaliyokipata Chuo cha Prairie View A&M cha Texas, ambacho tangu 1989 hadi 1998 kilipoteza mechi 80 mfululizo. Wapo vijana walioingia chuoni pale, wakavaa jezi miaka yote ya masomo yao, wakahitimu na kuondoka, na hawakuonja ushindi hata mara moja.

Ukisikia mechi 80 utadhani vijana wale hawakujua kucheza. Sababu kubwa haikuwa miguuni mwao. Mwaka 1990 chuo kiliisimamisha timu kwa mwaka mzima kwa sababu mambo ya fedha yalikuwa yamekwenda kombo, na iliporejeshwa mwaka 1991 ilirejeshwa bila ya ufadhili wa masomo kwa wachezaji, ilhali wapinzani waliokutana nao uwanjani walikuwa wakisomeshwa kwa sababu ya mpira wao. Wanafunzi wa kawaida, waliokuja kusoma na kujitolea kucheza, walipangiwa kila wiki watu waliochaguliwa kwa ajili ya mchezo wenyewe. Hapakuwa na kocha wa kuliziba pengo hilo kwa maneno ya kutia moyo. Tarehe 26 Septemba 1998 hatimaye waliifunga Langston 14-12, na mwaka 2009 chuo hichohicho kilikuwa bingwa wa jumuiya yake ya vyuo.

Nimelitanguliza hili kwa sababu ndilo ninaloliamini kuhusu hali yenu: msimu usio na ushindi hueleza zaidi kile ambacho chuo kimekiweka katika timu kuliko thamani ya vijana waliotumwa uwanjani. Katika barua yako umenieleza habari za kocha, wachezaji na serikali ya wanafunzi, lakini hukunieleza hata kidogo chuo kinawapa nini. Je, ratiba ya vipindi inawaachia jioni ngapi za mazoezi ambazo timu nzima inaweza kuwapo? Mnapokuwa na mechi Unguja, mnavuka siku moja kabla na kulala, au mnashuka bandari ya Malindi mchana mkiwa bado na kichefuchefu cha bahari na kuingia uwanjani alasiri ileile? Msimu wa karafuu ukishamiri na nusu ya wachezaji wakarudi makwao Mtambwe na Kangagani kuwasaidia wazee, mechi zinasogezwa au mnacheza na waliobaki? Katika Ramadhani mlifanya mazoezi saa ngapi, na wale wanaokaa dakhalia walikula nini wakati wa daku? Kaa na kocha wako muyajibu maswali haya kwa maandishi, kisha muyapeleke majibu kwa uongozi wa chuo kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kuvunja timu. Inawezekana mkakuta kwamba timu mnayotaka kuivunja haijawahi kuundwa barabara.

Kuhusu kocha, nakupa mfano wa Northwestern, chuo kilicho karibu na Chicago na chenye sifa kubwa ya elimu. Kati ya 1979 na 1982 kilipoteza mechi 34 mfululizo, na ilifika mahali wanafunzi wenyewe wakang'oa milingoti ya goli na kwenda kuitupa ziwani. Mwaka 1981 aliletwa kocha anayeitwa Dennis Green, na msimu wake wa kwanza alipoteza mechi zote kumi na moja. Kwa hoja ya wenzenu angefukuzwa siku ya mwisho ya msimu. Chuo kilimbakisha, na mwaka uliofuata timu ilishinda mechi tatu na kupoteza nane. Mtu anaweza kuuliza ni fahari gani hiyo, kushinda tatu katika kumi na moja. Lakini waliojua alipoanzia walimtangaza Green kuwa kocha bora wa mwaka wa ligi yao, Big Ten, ambayo ni miongoni mwa ligi ngumu za vyuo nchini humo. Ubingwa haukuja wakati wake. Ulikuja mwaka 1995, chini ya kocha mwingine, na tarehe 1 Januari 1996 Northwestern ilicheza mechi ya heshima ya Rose Bowl huko Pasadena. Sisi watu wa karafuu tunajua kwamba aliyepanda mkarafuu hakai chini yake na pishi mwaka uleule.

Sitakuficha kwamba upo mfano unaoelekea upande wa pili. Chuo Kikuu cha Central Florida kilipoteza mechi zote 12 mwaka 2015, kocha mzee akaondoka kabla ya msimu kwisha, akaletwa kijana, Scott Frost, na mwaka 2017 timu ilishinda mechi zote 13. Anayetaka kumwondoa kocha wenu ataushika mfano huu kwa mikono miwili. Naomba auangalie vizuri. Kwanza, kule alikuwapo kocha mwengine wa kulipwa aliyekuwa tayari kuja. Kwenu mkimwondoa mwalimu anayejitolea, nani atasimama pembezoni mwa uwanja kesho yake? Pili, na hili ndilo kubwa, waliobeba ushindi wa 2017 walikuwamo wengi waliokuwapo katika aibu ya 2015. Mmoja wao ni Shaquem Griffin, mlinzi aliyekatwa kiganja cha mkono wa kushoto tangu utotoni, ambaye katika mwaka ule mbaya hakuwa akitegemewa sana, na ambaye baadaye alikuja kutajwa kuwa mlinzi bora wa ligi yao. Laiti angeaga mwisho wa 2015, asingelaumiwa na mtu, na chuo kingempoteza mchezaji wake bora bila ya kujua. Nenda kawaeleze habari hii wale wanne.

Sasa nije kwenye kuanzia wapi, kwa sababu najua maneno ya subira hayafungi mabao.

Chukua daftari, ukae na kocha na wachezaji wawili watatu wenye kumbukumbu nzuri, na muandike kila bao mlilofungwa msimu huu: liliingia dakika ya ngapi, na lilitokana na nini. Msiandike nani alikosea. Nadhani mtakuta kwamba mabao yenu yanajikusanya mahali pamoja au pawili. Yakijikusanya katika dakika ishirini za mwisho, tatizo ni pumzi, na pumzi inatafutwa kwa mbio za alfajiri wakati wa likizo, kabla ya msimu, wala si wiki ya mechi. Yakiwa ni ya dakika za mwanzo, angalieni safari na muda wa kupasha mwili moto. Yakiwa ni ya kona na mipira ya adhabu, basi furahini, maana hilo ni kosa linalorekebishika upesi kuliko yote: linataka watu kujua nani anasimama wapi na nani anamkaba nani, na linaweza kufundishwa hata kwenye kiwanja chenye madimbwi ya masika. Timu dhaifu inayoacha kufungwa kwa kona huanza kupata sare, na timu inayopata sare huanza kubaki ndani ya mechi hadi dakika ambayo bao moja linatosha.

Na sare zenu mbili msizipite haraka. Kila nikisoma barua za namna hii naona waandishi wanazitaja kama jambo la kuonewa haya, pamoja na vipigo. Siku zile mbili kuna kitu mlikifanya sawa. Waulizeni wachezaji walilala wapi usiku wa kuamkia mechi, kikosi kilikuwa nani, mlijilinda kwa watu wangapi, kisha linganisheni na mechi nyengine. Humo mnaweza kukuta nusu ya mpango wa msimu ujao.

Kabla ya mashindano kuanza tafuteni mechi za kirafiki na timu ya vijana ya mtaani, ya daraja la Central au hata la Juvenile, mnayoweza kuimudu. Najua wapo watakaosema kwamba kumfunga mdogo si ushindi. Mimi nasema mchezaji ambaye amesahau namna ya kuongoza 1-0 na kuulinda uongozi wake hawezi kulifanya jambo hilo kwa mara ya kwanza mbele ya wapinzani wakubwa na umati wa wanafunzi. Hilo nalo hufanyiwa mazoezi.

Kuhusu netiboli, dada zenu wapewe fedha wanazostahiki kwa kuwa wanacheza na wanajituma, na wangestahiki hata kama nyinyi mngekuwa mabingwa. Lakini chuo kisizigombanishe timu zake mbili juu ya fungu moja dogo, kisha kikaiita hali hiyo mipango. Nahodha wenu na nahodha wao nendeni pamoja kwa mlezi wa michezo, na barua iwe moja.

Swali

Mimi ni mlinda mlango wa timu ya chuo huku Unguja. Nasi hatukushinda msimu huu, na mechi moja tulifungwa mabao saba. Tangu siku hiyo nikipita katika mkahawa wa chuo watu wananihesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka saba. Kocha anataka niendelee, lakini naona uso wangu hauna tena pa kuuweka. Nifanye nini?

Mlinda mlango, Mjini Magharibi

Jibu

Mwanangu, tarehe 11 Aprili 2001, huko Coffs Harbour nchini Australia, mlinda mlango wa Samoa ya Marekani aitwaye Nicky Salapu alifungwa mabao 31 katika mechi moja ya kufuzu Kombe la Dunia. Ni kipigo kikubwa kuliko chote katika mechi za kimataifa za wanaume. Mbele yake hawakuwapo mabeki wa timu ya taifa aliowazoea, kwa sababu karibu wote walizuiwa kwa kukosa pasipoti zilizotakiwa, na wengi wa vijana ambao wangejaza nafasi zao walikuwa na mitihani ya skuli. Walikusanywa waliopatikana, na miongoni mwao walikuwapo watoto wa miaka kumi na mitano.

Salapu aliendelea kucheza. Tarehe 22 Novemba 2011 alisimama tena golini, na Samoa ya Marekani ikaifunga Tonga 2-1, ushindi wake wa kwanza katika mechi inayotambuliwa na FIFA. Zilipita miaka zaidi ya kumi kati ya siku hizo mbili, na naamini katika miaka hiyo walikuwapo watu wengi wa kumhesabia.

Mabao saba hayaingii kwa kosa la mtu mmoja; kila moja lilipita kwa wenzako kumi kabla ya kufika kwako. Mwambie nahodha wako juu ya wanaokuhesabia, na yeye pamoja na mabeki wakae nawe meza moja katika mkahawa huo kila siku ya wiki hii. Wanaohesabu wakiwaona watu watano sita wameketi pamoja nawe wataona tabu kuendelea. Na kama kocha anakutaka, ana sababu zake, kwani yeye ameziona pia zile ulizozuia.

Swali

Mwanangu yuko mwaka wa pili wa chuo na anachezea timu yao, ambayo haikushinda hata mechi moja. Kila Jumamosi anarudi amenuna, hali chakula, na Jumatatu anabeba viatu vyake kwenda mazoezini tena. Baba yake anasema huo ni upotevu wa wakati na tumkataze. Matokeo yake ya masomo si mabaya. Unatushauri nini?

Mama wa Wete

Jibu

Dada yangu, umelijibu swali kwa sentensi ya kabla ya mwisho. Madhali masomo yake hayajaharibika, msimkataze.

Mwambie shemeji yangu, kwa heshima zote, kwamba kijana anayekwenda mazoezini Jumatatu baada ya kufungwa Jumamosi anajifunza jambo ambalo sisi wazazi tunalitafuta kwa watoto wetu kwa kila njia na mara nyingi hatulipati. Haendi kwa ajili ya kusifiwa, kwa sababu hakuna anayemsifu. Anakwenda kwa sababu wenzake kumi wanamngojea, na akikosa yeye, mazoezi hayatimii.

Hata hivyo wekeni mpaka, na muuweke pamoja naye. Wiki mbili kabla ya mitihani mazoezi yapungue, na kama kocha ni mwalimu wa chuo hatalikataa hilo. Muulize pia juu ya maumivu ya mwili, maana katika timu inayofungwa sana vijana huficha majeraha ili wasionekane kwamba wanakimbia, na goti lililofichwa miezi mitatu linaweza kumfuata hadi uzeeni. Na Jumamosi akirudi usimwulize wamefungwa ngapi. Mpe chakula chake, umwache akae. Akitaka kusema atasema mwenyewe, na mara nyingi ataanza kusema kabla ya Isha.

Swali

Mimi ni mshika fedha wa timu ya chuo ambayo haijashinda mwaka mzima. Baadhi ya wachezaji wakubwa wanataka kila mmoja achange ili tukamtazame mganga kabla ya msimu mpya, kwa kuwa wanaamini tumefungwa kwa uchawi. Nikikataa naambiwa mimi ndiye ninayeirudisha nyuma timu. Nisemeje?

Mshika fedha, Kusini Unguja

Jibu

Kataa, na ukatae mbele ya wote, kwa upole na bila ya kumdharau mtu. Waambie kwanza kwamba dini yetu imelikataza jambo hilo waziwazi, na hawahitaji mimi kuwakumbusha. Kisha waambie la pili, ambalo linahusu kazi yako: fedha ya timu inatolewa kwa kitu ambacho kila aliyechanga anaweza kukiona na kukishika, na mganga hatoi risiti.

Ninawaelewa wanaokuja na shauri hili. Mtu akifungwa mechi baada ya mechi, na baadhi yake kwa bao la dakika za majeruhi, anatafuta sababu iliyo nje ya uwezo wake, kwa kuwa sababu hiyo haimlaumu yeye wala rafiki yake. Ndiyo maana usiishie kwenye kukataa. Michango hiyohiyo waliyokuwa tayari kuitoa, iombe kwa kazi nyengine: mipira miwili mizuri, glavu za mlinda mlango, bandeji na dawa ya kuchua, na kama itabaki, nauli ya kufika siku moja kabla katika mechi ya kwanza ya ugenini. Andika orodha ya waliochanga na risiti za vilivyonunuliwa, na uzibandike kwenye ubao wa matangazo wa dakhalia kabla ya mazoezi ya kwanza.